Adma Iskandar Nahhas na Vitunguu vya Mwamba wa Kunguru

Siku Tannus alipomwona Adma kwa mara ya kwanza, alidhani ameona maiti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe 14 Mei 1994, juu ya kijiji chetu cha Ain Shuh, kwenye mteremko tunaouita Mwamba wa Kunguru. Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye mashimo, ukungu ulikuwa umeshuka, na Tannus, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa akiwapeleka malishoni mbuzi wa baba yake. Mbele yake, katikati ya mawe, mtu alikuwa amelala kifudifudi. Alivaa koti la mvua la kiume, mikono ameinyoosha mbele, hajitikisi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na mabomu yaliyofukiwa ardhini bado yalikuwa yakikata watu miguu. Tannus alisimama mbali akaita.

"We! Umekufa?"

"Waondoe mbuzi wako kwanza," maiti akajibu bila kuinua kichwa, "halafu nitakujibu."

Alikuwa mwanamke, naye alikuwa akitazama kwa kioo cha kukuzia ua dogo kuliko punje ya dengu. Alipoinuka, mbuzi mmoja mwekundu alikuwa ameshatafuna kurasa tatu za daftari lake. Alimshika yule mbuzi pembe, akamkagua mdomoni kama daktari wa meno.

"Amekula kazi ya siku nne huyu. Basi na wewe utanisaidia kuitafuta tena. Mlima huu unaujua?"

Tannus aliinamisha kichwa. Mlima alikuwa anaujua. Kusema ndiko kulikomshinda, na hata leo kunamshinda, ndugu zetu mtamvumilia. Aliyeandika maneno haya ndiye huyo Tannus, shemeji wa marehemu. Atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa sababu siku ya leo si yake.

Marehemu Adma alizaliwa tarehe 3 Februari 1960 huko Al-Mina, bandari ya Tripoli, mji wetu wa pwani, akiwa mtoto wa pili wa mfamasia Iskandar Nahhas na Bi Olga. Baba yake alikuwa na kabati la droo sitini, kila moja ina maua yaliyokaushwa ya kutibu jambo lake. Adma alipokuwa na miaka sita alizimwaga droo zote sakafuni, akayapanga maua upya kwa idadi ya petali zake, kisha akazirudisha droo mahali pake, kimya. Kwa siku mbili wateja waliokuja na kikohozi waliondoka na dawa ya tumbo. Mzee Iskandar alipogundua hakumchapa. Alimwita mbele ya kabati, akamwambia, "Haya, mama, nieleze umepangaje." Wakasimama hapo mpaka chakula kikapoa. Bi Olga alisema tangu siku hiyo hakupata tena kumwona binti yake amekaa kitini dakika kumi mfululizo.

Alisoma kwa masista pale Tripoli mpaka mwaka 1978, kisha akaenda mji mkuu, Beirut, kusomea elimu ya mimea, vita vikiwa vimepamba moto. Kila wiki alivuka vizuizi vya barabarani akiwa na mbao zake mbili zilizofungwa kwa mshipi, katikati yake magazeti, na katikati ya magazeti mimea inayokaushwa. Mara moja askari mmoja alimwamuru afungue.

"Hii nini?"

"Majani."

"Ya nini?"

"Ukinipa nusu saa nitakueleza."

Askari alivumilia dakika tano, akamwambia, "Pita, dada, pita, umenichosha." Adma alipita, lakini alirudi hatua mbili kumalizia sentensi yake.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1982 na udaktari wake huko Ufaransa mwaka 1988. Angeweza kubaki huko. Walimu wake walimtaka, na kazi ilikuwapo. Alirudi mwaka 1991. Baba yake alimpokea bandarini akamwuliza, "Watu wote wanaondoka, wewe unarudi kwa ajili ya majani?" Akamjibu, "Majani hayana pasipoti, baba." Alianza kufundisha Beirut, na kila mwisho wa wiki alipanda milimani kwa gari lolote lililompakia.

Ndivyo alivyofika kwetu. Mchana wa siku ile ya mbuzi mvua ilipiga, na Tannus akampeleka nyumbani akimwonyesha njia kwa kidevu. Mama yetu, Hilane, apumzike salama, hakuuliza mgeni ni nani. Alipasua mayai, akakata vitunguu vya mwituni ambavyo Tannus alikuwa amevileta jana yake, akapika kimanda, akaweka na mtindi na mkate. Adma alikula akiwa amesimama, kama kawaida yake. Katikati ya tonge la tatu akaacha kutafuna. Alikuwa anatazama fungu la vitunguu lililobaki juu ya meza. Kimoja kilikuwa kimetangulia kutoa ua, rangi ya divai iliyomwagikiwa maziwa, na jani lake lilikuwa limejisokota.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kitunguu. Mjini hamna vitunguu?"

"Hiki hakimo kwenye vitabu."

"Basi vitabu vina njaa," Mama akasema. "Sisi tunakila tangu bibi yangu. Kula, binti, kinapoa."

Miaka iliyofuata, kila aliposifiwa kwa ugunduzi ule, Daktari Adma alikasirika. "Sikugundua kitu," alisema. "Niliandika tu kile ambacho Mama Hilane alikuwa anakikaanga." Lakini siku ile alitoka na kimanda mkononi, mvua inanyesha, akamtaka Tannus amwonyeshe vinapoota. Vilikuwa pale pale Mwamba wa Kunguru, kwenye kipande cha mteremko ambacho mtu anakizunguka kabla sigara yake haijaisha. Na Tannus, aliyezunguka milima yote hii na mbuzi, alikuwa hajaviona mahali pengine.

Hapa ndipo Tannus anapopaswa kusema jambo ambalo hapa kijijini halijawahi kusemwa.

Mmea haupewi jina mpaka sampuli yake ikaushwe na kuhifadhiwa ikiwa kamili, pamoja na kitunguu chake, jani lake na ua lake lililofunguka. Mwezi Mei vilikuwa bado havijafunguka. Adma alikuwa na mitihani ya wanafunzi, hawezi kukaa. Akamwambia Tannus, "Vikifunguka, ving'oe na kitunguu chake na mizizi yake, uniletee Al-Mina." Akamwandikia mtaa na nyumba. Hakumwambia vingapi. Tannus naye hakuuliza. Kwetu mtu akiomba zabibu hapewi shada, anapewa kikapu, na kikapu kinajazwa mpaka kimwagike, la sivyo mama yako ataona haya kanisani. Na huyu alikuwa mgeni, tena msomi, tena Tannus alitaka kumfurahisha kuliko alivyopata kutaka jambo lolote.

Mwanzoni mwa Juni vilifunguka vyote kwa pamoja. Tannus alichimba kwa sururu siku mbili. Alivifunga kwa kitambaa kibichi, akavijaza kwenye gunia la katani, na Jumamosi tarehe 4 Juni akapanda teksi ya abiria mpaka Al-Mina, gunia limekaa kwenye kiti chake lenyewe na yeye amelikumbatia kwa mikono miwili. Bi Olga alifungua mlango akanusa.

"Vitunguu! Mungu akuzidishie, mwanangu, ingia. Adma! Kuna kijana amekuletea mboga."

Adma alikuja mbio, miguu mitupu. Alifungua gunia, akatazama ndani, akakaa sakafuni. Alianza kuvitandika juu ya magazeti, kumi kumi. Bi Olga akainama na bakuli. "Hivi vinatosha kwa chakula cha..."

"Mama, usiguse!"

Alihesabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mia moja themanini na saba. Vimebaki vingapi kule juu?"

Tannus alikuwa bado anatabasamu. "Hakuna, Daktari. Nimehakikisha. Nimefagia mteremko mzima."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alivitazama tu vile vitunguu, akasema polepole, "Nilihitaji sita. Sita, Tannus." Tannus alielewa. Masikio yalimlia kama mtu aliyepigwa kofi, na kwa kweli hayajanyamaza sawasawa mpaka leo.

Adma alichagua sita, akavibana kwenye mbao. Vingine mia moja themanini na kimoja alivirudisha kwenye kitambaa, akakilowesha upya, akaanza kuvaa viatu vyake vya mlimani. "Nani ana gari?"

Gari alikuwa nalo kaka yetu mkubwa, Sarkis, ambaye siku hiyo alikuwa sokoni Tripoli akiuza cheri. Walimkuta amekaa juu ya makreti.

"Kaka, turudi mlimani."

"Nina makreti ishirini hapa, una wazimu? Na huyu nani?"

"Huyu ndiye mwenye vitunguu."

Sarkis akalitazama gunia. "Mdogo wangu, vitunguu hutoka mlimani vikaja mjini. Hivi vyako vinakwenda wapi?"

"Kwao," akasema Adma, ambaye alikuwa ameshaketi mbele na kufunga mlango. "Washa gari."

Njia nzima alikuwa anatikisa goti na kuchungulia nyuma kuona kama kitambaa kimekauka. Kwenye chemchemi mbili alimsimamisha Sarkis ili akiloweshe. Walifika Mwamba wa Kunguru jua likiwa bado juu, wakavipanda watu watatu, wamepiga magoti, kila kitunguu kwa kina cha vifundo viwili vya kidole. Sarkis amelima tangu utoto, hakuna asichokijua kuhusu kitunguu. Lakini jioni ile alimwuliza Adma mara nne kitunguu kinawekwa kinatazama wapi, na mara nne alijibiwa kwa utulivu. Tannus aliyasikia yote. Alikuwa analia, amewapa mgongo.

Jua lilipozama walimaliza. Adma alimfuata, akampangusa udongo begani. "Hili ni letu sisi watatu," alisema. "Halitoki hapa." Na halikutoka miaka ishirini na tisa. Halmashauri ya kijiji iliposimamisha kibao pale juu mwaka 2005, kikiwa kimeandikwa kwamba mahali hapo panalindwa na Tannus, mlinzi wa mmea adimu wa Ain Shuh, Tannus alisimama karibu na kibao akapigwa picha. Alitaka kusema ukweli. Adma alikuwepo, akamshika kiwiko. Wengi wenu mmeamini kwamba vitunguu vile vilikuwa vichache tangu mwanzo, au vilimalizwa na mbuzi. Hapana. Vilikuwa mia moja themanini na saba, na mkono uliovimaliza ndio umeshika karatasi hii.

Majira yaliyofuata, mwaka 1995, vilivyochipua vilikuwa arobaini na vitatu.

Mwaka 1997 Daktari Adma alichapisha maelezo ya mmea huo, ukurasa wake mmoja ukiwa kwa Kilatini kama sheria ya kazi yao ilivyotaka wakati huo. Alikuwa amemwambia Tannus kwamba angependa kuuita kwa jina lake. Tannus alikataa, na sababu mmeshaijua. Basi mmea ukapewa jina la Mama Hilane. Tannus alilipeleka chapisho lile kwa Padri Antun, aliyesoma Roma, akamwomba amsomee. Padri alisoma akikunja uso. "Linasema jani limejisokota, linasema ua lina petali sita, linasema mmea unachumwa na wenyeji kwa chakula."

"Kuna jina la mtu humo, Abuna?"

"Kuna la mama yako tu. Ulitaka na lako?"

Tannus akasema hapana, akaondoka haraka.

Mama mwenyewe aliposikia alijipiga makofi mapajani. "Miaka sabini nimeishi na jina safi, leo nimekuwa kitunguu!" Jumapili hiyo alimweleza kila mtu aliyetoka misani. Lakini hakukipika tena mpaka alipofariki mwaka 2004. "Siwezi kujikaanga mwenyewe," alisema, na wanawake wote wa mtaa wa juu wakaacha pia, kwa heshima yake. Daktari Adma alisema sheria yoyote ya serikali isingefanya kazi nzuri kama ile.

Kazi yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuutambua mmea ambao haujaandikwa na kuupa maelezo yake. Mimea kumi na minne ya nchi hii ina majina leo kwa sababu yake, mingine aliiandika peke yake, mingine na wenzake. Ya pili, ambayo alisema ndiyo inayomnyima usingizi, ni kupima hali ya kila mmea kama mgonjwa anavyopimwa: iko mingapi iliyokomaa, inaishi mahali pangapi, pana ukubwa gani, nini kinaimaliza, na je, inaongezeka au inapungua. Kisha unapewa daraja. Kitunguu chetu kilipewa daraja la mwisho kabisa kabla ya kutoweka porini. Alipima mimea zaidi ya mia mbili. Alikuwa hawezi kupita mahali akapita tu. Safari ya kwenda kwenye harusi ya binamu yake huko Kura ilichukua siku mbili, akafika keki imekwisha kukatwa.

Kuhusu kitunguu, kila Juni aliuliza swali moja: "Vingapi?" Tannus alihesabu kila mwaka. Mwaka wa ukame wa 1999 vilikuwa ishirini na tisa, na mwaka huo hakuweza kumpigia simu, alimtuma Sarkis. Mwaka 2001 aliuza mbuzi wote akawa mjenzi wa kuta za mawe, na ukuta wa kwanza aliojenga ni ule unaouzunguka mteremko. Mwaka jana vilikuwa sabini na kimoja. Adma hakumlaumu hata mara moja kwa maneno. Lakini alimwambia kwamba kama kungepatikana mahali pa pili, pawe mbali na pale pa kwanza, hata vikipotea vya hapa mmea hautapotea. Tannus alilichukua neno hilo kama deni la mwili. Kila kiangazi, ishirini na minane mfululizo, alizunguka milima peke yake, akirudi jioni na kumwambia, "Bado." Naye alijibu, "Basi kesho panda upande wa kaskazini."

Tarehe 22 Septemba 1996 Adma alifunga ndoa na Sarkis katika kanisa hili hili la Mar Elias. Yeye alikuwa Mwortodoksi na sisi ni Wamaroni, kwa hiyo nyumba yao ilipata Pasaka mbili kila mwaka, na zote mbili Adma alikuwa mlimani. Siku ya harusi yenyewe, wageni wakiwa mezani, bibi harusi hakuonekana. Sarkis alimkuta chumba cha nyuma, amepiga magoti na gauni lake jeupe, anabadilisha magazeti ya mimea iliyokuwa inakauka, kwani yasipobadilishwa kila siku mimea huota kuvu. "Zimebaki kurasa kumi," akamwambia mumewe. Sarkis alivua koti akampokeza magazeti, moja moja, mpaka ya mwisho. Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na sita. Mungu aliwajalia binti mmoja, Najla, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1998, ambaye alijifunza kutembea kwa kumfukuza mama yake.

Mwezi Novemba 2021 marehemu alianza kupungua mwili na kupata maumivu ya tumbo. Madaktari walikuta saratani. Mnajua nchi ilivyokuwa: dawa hazipo, petroli kwa foleni. Najla alikuwa ameshahamia Montreal, akawa anatuma dawa kwa kila msafiri aliyemwona uwanja wa ndege. Adma alitibiwa Tripoli, dripu mkono mmoja, mkono mwingine unasahihisha kazi za wanafunzi. Wauguzi walimwomba alale. Aliwaambia, "Nitalala, msiwe na haraka."

Mei mwaka huu hakuweza kupanda tena. Tarehe 5 Juni, Jumatatu, baada ya mvua ya mawe, Tannus alikwenda kukagua ukuta mwingine alioujenga upande wa mbali, nyuma ya lile shimo la zamani la kuhifadhia theluji, mwendo wa saa mbili kutoka Mwamba wa Kunguru. Mvua ya mawe ilikuwa imechanachana majani, na harufu ikamjia. Kitunguu. Ilikuwa inatoka juu. Kuna kibaraza cha mwamba pale, kimetazama kaskazini, hata mbuzi hafiki. Tannus ana miaka hamsini na miwili, na magoti yake si ya kupanda. Alipanda. Rangi ya divai iliyomwagikiwa maziwa ilikuwa imejaa kibaraza kizima. Alihesabu huku ameshikilia mwamba kwa mkono mmoja: mia mbili na kumi na moja.

Jumatano alikuwa Tripoli, kando ya kitanda. Sarkis alikuwa kwenye kiti, amelala ameegemea ukuta. Adma alikuwa macho.

"Shemeji, nimepapata, juu ya shimo la theluji."

Alifumba macho, akayafumbua. "Vingapi?"

"Mia mbili na kumi na moja."

"Umehesabu vyenye maua peke yake?"

"Vyote."

"Vichanga havihesabiwi, Tannus. Miaka yote hii!" Akakasirika kabisa, akajaribu kuinuka, mashine ikapiga kelele, Sarkis akaamka. "Rudi. Hesabu vyenye maua tu. Fomu siwezi kuijaza kwa kubahatisha."

Tannus aliondoka saa hiyo hiyo. Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, alipokuwa kwenye kile kibaraza akihesabu kwa mara ya tatu ili asikosee, Adma alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Chini ya mto wake walikuta fomu ya tathmini, imejazwa yote kwa penseli, mahali pa pili pameandikwa kwa jina la lile shimo la theluji. Sehemu moja tu ilikuwa tupu. Jana Sarkis aliijaza kwa mkono wake. Vyenye maua ni tisini na sita.

Daktari Adma ameacha mume, Sarkis. Binti, Najla, mkwe na mjukuu mmoja, Olga mdogo, huko Montreal. Kaka yake, Jurj Nahhas wa Al-Mina. Shemeji yake, Tannus. Wanafunzi ambao hawezi mtu kuwataja wote. Na vitunguu mia moja sitini na saba vyenye maua, sabini na kimoja vya mwaka jana na tisini na sita vya kibarazani. Familia inawashukuru wote waliokuja. Inawashukuru pia kwa kukubali ombi la kutoleta maua ya mlimani. Wengine mmeona jeneza lake halina kitu juu mkaona ni ukavu wetu. Ni agizo lake. Tunamwombea pumziko lenye amani, hata kama yeye mwenyewe pumziko hakulizoea. Mungu ampe na mlima.

Siku ile ya Jumatano hospitalini, Tannus alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi. Sarkis alikuwa anamrudisha mkewe kwenye mto. Adma alimsukuma pembeni ili aone mlango, akaita kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo:

"Tannus! Na safari hii usiniletee hata kimoja."